Kufunga na Kuunganisha Moduli za Kudhibiti katika Mfumo wa King'ora cha Moto

Somo hili linahusu moduli za kudhibiti, yaani zile zinazopokea amri kutoka kwenye paneli ya moto na kuitekeleza: kupiga ving'ora, kuachia milango, kuzima feni za hewa au kuiteremsha lifti hadi chini. Limeandikwa kwa fundi ambaye amekwisha kufunga vigunduzi vya moshi kwenye mfumo wenye anwani (ambao kila kifaa kina namba yake), na ambaye sasa amepewa kazi ya kuunganisha matokeo. Mfano wetu ni hoteli ya ghorofa nne mjini Kisumu yenye paneli moja karibu na mapokezi, lupu moja (jozi ya nyaya inayounganisha vifaa na paneli) inayopanda hadi juu na kurudi, na chumba cha mitambo juu ya paa.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika bisibisi. Paneli haikioni king'ora. Inachokiona ni waya unaokwenda kwenye king'ora, na inauona kwa kupitisha mkondo mdogo sana ambao hurudi kupitia rezista (kifaa kidogo cha kupunguza mkondo) iliyofungwa mwisho wa waya huo. Wakati wa kawaida moduli hupeleka volti kwa mwelekeo wa kinyume, na dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) iliyomo ndani ya kila king'ora huzuia mkondo usipite, hivyo njia pekee iliyobaki ni rezista. Moto ukitokea, moduli hugeuza mwelekeo, dayodi hupitisha, na ving'ora hulia. Waya ukikatika mkondo hupotea. Ukipiga shoti mkondo hupanda. Na katika hali zote mbili paneli hutangaza hitilafu. Kwa hiyo sehemu yoyote ya waya iliyo nje ya njia hiyo ya mkondo haina mlinzi, hata kama paneli inaonyesha taa ya kijani.

Hatua ya kwanza ni kutambua aina ya moduli uliyonayo. Kuna moduli ya kudhibiti yenye ulinzi wa waya, ambayo hutumika kwa ving'ora na taa za kumetameta, na ambayo huhitaji volti 24 kutoka chanzo cha nje. Kuna pia moduli ya relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ambayo haitoi umeme wowote. Hubadilisha miguso tu, na hailindi waya unaotoka kwenye miguso hiyo. Kwa macho zinafanana sana, na baadhi ya watengenezaji huuza moduli moja inayoweza kugeuzwa kutoka aina hii hadi ile, kwa hiyo soma karatasi iliyo ndani ya boksi, usitegemee rangi ya kifuniko. Hakikisha vilevile kwamba moduli inazungumza lugha moja na paneli yako, kwa kuwa mara nyingi moduli ya mtengenezaji mmoja haitambuliki kwenye lupu ya mwingine. Madukani mwetu kuna mifumo inayofuata viwango vya Ulaya, ambako moduli hizi ziko chini ya EN 54-18, na kuna inayofuata viwango vya Marekani. Kuichanganya kwa sababu ya bei ni kujitafutia kazi ya pili isiyolipwa.

Hatua ya pili ni hesabu, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Tuseme ghorofa ya tatu ina ving'ora vinane vyenye taa, kila kimoja kikitumia miliampia 100, jumla ampia 0.8. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Ikiwa king'ora cha mwisho kiko mita 90 kutoka kwenye moduli, mkondo husafiri mita 180 kwenda na kurudi, ambazo ni omu 2.18, na volti zinazopotea njiani ni takriban 1.74. Usianze kupunguza kutoka volti 24, kwa maana moto unaweza kutokea Kenya Power wakiwa wamekata umeme na betri zimechoka. Anzia volti 20.4, ambazo ni asilimia 85 ya 24. Utabakiwa na volti 18.66, na king'ora kinachofanya kazi kuanzia volti 16 kitalia bila shida. Sasa rudia hesabu hiyo kwa mita 250: utapoteza volti 4.84 na kubakiwa na 15.56. Siku ya majaribio, betri zikiwa mpya, vyote vinane vitalia vizuri na mteja atatia sahihi; hatari itajitokeza usiku ule ambao hakuna umeme. Dawa yake ni waya mnene zaidi, au kuigawa saketi, au kuleta chanzo cha umeme karibu. Hesabu hii huweka mzigo wote mwisho wa waya, hivyo inazidisha hasara, na mimi napendelea iwe hivyo.

Hatua ya tatu ni kupima nyaya kabla ya kuunganisha kifaa chochote. Pima kwa mega (kipimo cha ubora wa ganda la waya) kati ya kila waya na ardhi, na kati ya waya na waya. Usipime kwa mega wakati moduli, kigunduzi au king'ora kimeunganishwa, maana volti 500 za mega zitaua saketi zake papo hapo. Kebo iwe ya kustahimili moto, ifungwe kwa vishikizo vya chuma, na isipite katika trunki (mfereji wa kubebea nyaya) moja na nyaya za volti 240.

Kisha zima paneli kabisa: ondoa umeme wa ukuta na ufungue betri. Weka anwani ya moduli kwa kuzungusha swichi zake mbili, makumi na mamoja, au kwa kusogeza vijiti vya swichi kulingana na aina. Iandike anwani kwenye lebo na kwenye mchoro kabla moduli haijaingia ukutani. Anwani mbili zikifanana paneli italalamika, na kutafuta pacha ndani ya dari ya ghorofa nne si kazi ya kufurahisha.

Unganisha waya wa lupu unaoingia na unaotoka kwenye terminali zake, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kama kebo ina ngao (ganda la chuma linalozunguka nyaya), iendeleze bila kukatika na uifunge kwenye ardhi upande wa paneli peke yake. Volti 24 zina terminali zake tofauti. Zikiingia kwenye terminali za lupu unaweza kuiangusha lupu nzima. Weka pia vitenganishi vya shoti kati ya ghorofa na ghorofa, ili shoti ya ghorofa ya pili isizime ya nne. EN 54-2, kiwango cha Ulaya cha paneli, huweka kikomo cha vigunduzi 32 vinavyoweza kupotea kwa hitilafu moja.

Sasa ving'ora. Waya utoke kwenye moduli, uingie king'ora cha kwanza, utoke, uingie cha pili, na hivyo hivyo hadi cha mwisho, na katika terminali za kile cha mwisho ndipo ufunge rezista. Kiasi chake huandikwa na mtengenezaji. Aina nyingi hutumia omu 47,000, yenye mistari ya manjano, zambarau na rangi ya chungwa, na nyingine hutumia 10,000 au chini ya hapo. Usichepushe tawi katikati ya saketi, kwa kuwa tawi hilo halina rezista mwishoni na paneli haitajua likikatika. Pia kata waya katika kila king'ora badala ya kuuzungusha bila kuukata kwenye skrubu, ili ukilegea saketi ivunjike na hitilafu ionekane.

Kabla ya kuingiza nyaya hizo kwenye moduli, zipime kwa multimita. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye waya hasi na nyeusi kwenye chanya, yaani kinyume, kama moduli itakavyofanya wakati wa kawaida. Usomaji ukikaribia thamani ya rezista, saketi ni nzima. Ukiwa mdogo sana, kuna king'ora kilichofungwa kinyume au shoti.

Kuna mtego mmoja hapa. Katika aina nyingi, mkondo wa kulinda waya hutoka kwenye lupu, ilhali nguvu ya kupiga ving'ora hutoka kwenye zile volti 24 za nje. Fyuzi ya volti 24 ikiungua, saketi huendelea kuonekana nzima, lakini siku ya moto hakuna kitakacholia. Ikiwa karatasi ya moduli haisemi kwamba inalinda chanzo hicho, funga relei ndogo mwishoni mwa waya wa volti 24, na miguso yake iingie kwenye moduli ya kupokea taarifa.

Kwa moduli za relei, zisogeze karibu na kifaa. Kiwango cha NFPA 72 cha Marekani hutaka relei iwe ndani ya futi 3 za kifaa kinachodhibitiwa, karibu mita moja, kwa sababu waya ulio mbele ya miguso haulindwi. Kwa hiyo moduli ya feni za paa ikae paani, kando ya paneli ya feni, na lupu ndiyo ipande kuifuata.

Hatimaye washa paneli, sajili kila moduli kwa aina yake sahihi, na ujaze jedwali la chanzo na matokeo: moshi wa ghorofa gani huamuru nini. Jaribu kila tokeo kwa kusimama kwenye kifaa chenyewe. Taa ya moduli kuwaka haitoshi. Kisha zima umeme wa ukuta na ujaribu tena kwa betri. Chomoa waya kwenye king'ora cha mwisho na uone kama paneli inalalamika. Kumbukumbu za majaribio haya ziachwe kwa mwenye jengo, kwani atazihitaji wakati wa ukaguzi wa usalama wa moto unaodaiwa na kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Nakuru: Mwalimu, hapa kiwandani feni zinawashwa kwa kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya volti 240. Je, naweza kupitisha waya wa koili yake moja kwa moja kwenye miguso ya moduli ya relei?

Jibu: Usifanye hivyo, ndugu. Miguso mingi ya moduli hizi imekadiriwa kwa takriban ampia 2 za volti 30 mkondo mnyoofu, na zaidi ya hayo hutaki volti 240 ndani ya kisanduku kimoja na nyaya za lupu. Weka relei ya kati yenye koili ya volti 24, nayo ndiyo ikate koili ya kontakta. Funga dayodi sambamba na koili ya volti 24, mstari wake ukielekea chanya, ili mshtuko wa koili inapozimwa usichome miguso. Kazi ya upande wa volti 240 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Swali kutoka Busia: Nimefunga rezista, lakini paneli bado inasema saketi iko wazi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia katikati. Fungua king'ora cha nusu ya njia na upime kuelekea mwisho. Ukiipata rezista, tatizo liko nyuma yako, usipoipata liko mbele. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Ukikuta waya ni mzima, linganisha mistari ya rezista na karatasi ya moduli, kwani ya omu 47,000 kwenye moduli inayotaka 10,000 husomeka kama waya uliokatika.

Swali kutoka Kakamega: Habari mwalimu. Shule yetu ina mabweni manne, lupu inapita chini ya ardhi kati yake. Kila msimu wa mvua radi inatuulia moduli. Tufanyeje?

Jibu: Dada, ukanda wenu hupata radi nyingi mno, na waya mrefu kati ya majengo huibeba hadi ndani. Weka vizuia mshtuko wa umeme kwenye lupu pale inapotoka jengo moja na pale inapoingia jingine, vyote vikiunganishwa na ardhi kwa waya mfupi na mnene. Chagua aina ambayo mtengenezaji wa paneli ameikubali, kwa sababu baadhi huvuruga mawasiliano ya lupu. Ongeza kitenganishi kila mlango wa jengo, ili bweni moja likipigwa mengine matatu yabaki na ulinzi. Kila bweni lipate pia chanzo chake cha volti 24, ili kusiwe na jozi ya pili ya nyaya inayosafirisha radi.

Swali kutoka Kisumu: Milango yetu ina kufuli za sumaku. Nitumie mguso ulio wazi au uliofungwa?

Jibu: Tumia ule uliofungwa kwa kawaida, na umeme wa sumaku upite humo. Moto ukitokea mguso hufunguka na sumaku huachia. Waya ukikatika, pia huachia. Thibitisha kwamba betri ya ndani ya kifaa cha mlango haiendelei kuishikilia sumaku baada ya mguso kufunguka; kata upande wa sumaku wenyewe, usikate umeme wa chaja.

Swali jingine kutoka Kisumu: Mteja amekwisha kufunga dari na hataki ifunguliwe. Nikiweka rezista ndani ya kisanduku cha moduli, paneli inanyamaza. Kuna ubaya?

Jibu: Paneli inanyamaza kwa sababu sasa inalinda sentimita chache za waya zilizomo kisanduku, na mita zote 90 zilizo darini zimeachwa. Panya akizikata, hakuna atakayejua. Mweleze mteja kwa maandishi, na umwonyeshe: chomoa king'ora cha mwisho mbele yake, paneli ikiendelea kuonyesha hali ya kawaida, kisha mpigie jaribio la moto asikilize ni king'ora gani kimekaa kimya. Akikataa bado, usitie sahihi kwenye cheti cha kukabidhi kazi.