Kabla Hujatoa Pesa kwa Darubini ya Kutazama Wanyama na Ndege

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo darubini ya kufungwa juu ya bunduki tuwaachie watu wa nchi nyingine. Sisi tunaowafuata simba, fisi na tai kwa macho tu tunataka ile ya macho mawili, ya kuning'iniza shingoni. Kila likizo nakutana na watu wazima waliotoa pesa nzuri kwa chombo kisichowaonyesha kitu, na inaniuma, kwa sababu mambo ya kukagua ni machache na mengi unaweza kuyakagua ukiwa umesimama dukani.

Amua kwanza utakwenda wapi nayo. Wa Karura, City Park au Arboretum anatafuta ndege aliye karibu, ndani ya majani, kivulini. Wa Mbuga ya Nairobi anatazama uwanda mpana na duma aliyejilaza kwenye nyasi za rangi yake. Lakini wote wawili wana jambo moja la kuwaunganisha: wanyama wawindao na ndege huchangamka alfajiri na jioni, wakati mwanga ni hafifu. Kufikia saa sita mchana simba yuko chini ya mti amelala, na hewa juu ya nyasi inatetemeka kwa joto. Huo mtetemo hakuna darubini inayouondoa. Ile inayokuza sana huukuza pia. Kwa hiyo unachonunua kwanza ni mwanga, kukuza kunafuata.

Sasa tazama namba. Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25, huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka kufikia kama milimita 7, na hupungua umri unavyosonga. Kwa alfajiri kwenye lango la mbuga la Lang'ata, 5 inatosha kabisa. Chukua 10x42 nayo inabaki 4.2. Chukua vile vidogo vya mfukoni vya 10x25, unabaki na 2.5, na saa kumi na mbili asubuhi utaona weusi tu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni 8x42, na kama uzito unamsumbua, 8x32. Anayejua mkono wake hautetemeki na anayeshinda uwandani achukue 10x42. Zaidi ya mara 10 usinunue bila miguu mitatu ya kuisimamishia, maana mpigo wa moyo wako wenyewe utamtikisa mbuni aliye mbele yako.

Darubini za kuvuta na kurudisha (zoom), zilizoandikwa mara 10 hadi mara 100 na kuendelea, ziache hapo hapo mezani. Usiulize hata bei. Na lenzi zinazong'aa rangi nyekundu kama taa ya breki, ziache pia. Wekundu ule unawavutia wanunuzi, lakini maana yake ni kwamba mwanga mwekundu unarudishwa nje badala ya kuingia ndani, na simba wa rangi ya nyasi kavu atakufikia amefifia.

Vioo. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hupoteza takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi, kwa hiyo hasara inajumlishana haraka. Tafuta ambayo vioo vyake vyote vimepakwa tabaka nyingi. Kukagua ni rahisi: iinamishe chini ya taa ya duka, tazama taswira za taa ndani ya lenzi. Zikiwa za kijani au zambarau zilizofifia, ni dalili nzuri. Ukiona taa nyeupe pe, kuna uso ambao haukupakwa. Kisha ishike kwa mikono iliyonyooka, ielekeze mahali penye mwanga (jua lenyewe hapana), utazame vile viduara viwili vya mwanga upande wa macho. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe za kijivu, miche ya kioo (prizimu) iliyo ndani ni ya daraja la chini.

Unavaa miwani? Uliza darubini inaruhusu jicho kukaa umbali gani. Chini ya milimita 15 utaona kijitundu tu katikati. Vikombe vya mpira vizungushwe chini ukiwa na miwani, juu ukiwa huna.

Isiyoingiza maji. Hapo hakuna mjadala, mvua ya Aprili unaijua.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawatakuambia na ambalo wanunuzi hawalijui. Binamu yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye anayesimamia chama cha wanyamapori shuleni kwao. Wazazi walichanga, akanunua darubini ya mkono wa pili kwenye kibanda kimoja mjini. Ilikuwa nzuri kwa macho: nzito, vioo safi, mkanda mpya. Aliijaribu pale kibandani kwa dakika chache, akasoma bango la upande wa pili wa barabara, akalipa bila risiti. Siku ya safari nilikuwa kwenye basi lao. Tulipofika karibu na bwawa la viboko watoto walikuwa wakipokezana, na mmoja baada ya mwingine wanasema wanaona kifaru wawili. Mwalimu anawaambia watulie, washike vizuri. Baada ya saa moja watatu wanalalamika kichwa, mmoja anataka kutapika, na sote tukasema ni basi, au ni kwa sababu hawakula. Kuna msichana mmoja tu aliyekuwa akiwasimulia wenzake kila kitu, kifaru anavyotingisha sikio, ndege aliyemkalia mgongoni. Nilimtazama. Alikuwa amefumba jicho moja.

Darubini ile ilikuwa imeanguka siku moja kabla haijafika kibandani. Ndani ya kila upande kuna miche ya kioo inayogeuza taswira isikae kichwa chini miguu juu. Mshtuko mmoja ukisogeza mche kwa unywele tu, upande wa kulia unatazama pale na wa kushoto unatazama penginepo. Ubongo hauvumilii hilo. Unavuta misuli ya macho kwa nguvu mpaka taswira mbili zishikane. Mtu mzima kwa dakika chache hahisi kitu, ndiyo maana bango lilisomeka. Kwa saa nzima misuli inachoka, kichwa kinauma, tumbo linachafuka. Watoto wengine hawakuweza kuziunganisha kabisa, wakaona kifaru wawili, na tukawakemea bure. Binamu alipoirudisha aliambiwa shida ni macho yake. Bila risiti aliondoka na mzigo wake, na ile pesa ya wazazi ikawa imekwenda.

Kwa hiyo fanya hivi, na usione haya muuzaji akikukazia macho. Toka nje ya duka. Tafuta mstari ulionyooka wa mbali: waya wa umeme, ukingo wa paa la ghorofa. Utazame kwa darubini hadi uwe wazi. Kisha, bila kuacha kuutazama, iondoe darubini machoni polepole, kama upana wa kiganja. Taswira zitaachana ziwe duara mbili, na mstari upite katika zote mbili kwa usawa uleule. Ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, irudishe. Itikise pia karibu na sikio. Kikigonga kitu ndani, irudishe. Kuna mafundi wanaoweza kunyoosha nyingine, lakini kwa ya bei ya chini gharama ya ufundi itakushinda. Muuzaji akikukataza kutoka nayo nje, jibu umeshalipata.

Kabla ya kuamua kwamba darubini ni mbovu, lakini, hakikisha umeirekebisha kwa macho yako. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawasawa. Sasa fumba la kushoto, na uzungushe pete ya upande wa kulia peke yake. Kumbuka alama ya pete ilipokaa. Watu wengi hawajawahi kuigusa pete hiyo tangu siku waliponunua.

Kama unaweza, shika za wenzako kwanza. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yana watu wenye darubini za kila aina shingoni, na ukiomba kwa adabu wanakuachia utazame. Asubuhi moja pale itakufundisha zaidi ya sifa zote za muuzaji.

Ukishaipata, kwenye gari zima injini. Mtetemo wake unaharibu yote uliyolipia. Mfuko mdogo wa maharagwe juu ya kioo cha mlango kilichoteremshwa nusu ni kiegemeo kizuri. Vumbi la murram usilifute kwa fulana, ni mchanga, litachora kioo. Puliza kwanza, piga kwa brashi laini, ndipo utumie kitambaa. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini, hasa Julai. Kuvu huota ndani ya vioo na ikishakomaa haitoki. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe.

Usiiache juu ya dashibodi juani, wala kitini ukiegesha mjini. Mkanda ukae shingoni hata ndani ya gari, na kwenye sehemu za kupumzikia ujue nyani wana mikono myepesi. Barabara ya Lang'ata ina kambi ya jeshi na uwanja wa ndege wa Wilson uko jirani. Usisimame kando ya barabara ukaielekeza huko, utaeleza mambo mengi kwa watu wasiotabasamu. Usishuke garini mbugani ili uone vizuri zaidi, shuka pale tu paliporuhusiwa. Na jua usilitazame kwa darubini hata kwa nukta moja, linaunguza jicho bila maumivu. Hatari kubwa ni saa kumi na moja jioni, jua limeshuka, simba wanaanza kuinuka, na kila mtu ana haraka ya kuona. Mgeuze mtoto jua liwe mgongoni kwake kwanza, ndipo umpe.