Kuondoa Chai Iliyoganda Chini ya Vitufe vya Kibodi

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kwamba kasoro imo kwenye kibodi yenyewe. Katika Windows, ukibonyeza Shift mara tano mfululizo hutokea kisanduku chenye swali, na ukikubali bila kusoma, kompyuta huanza kuhesabu Shift au Ctrl kuwa imeshikiliwa hata baada ya kuiachia. Nimewahi kufungua kibodi nzima kwa sababu hiyo, nikakuta ni safi.

Ikiwa kitufe chenyewe kinashuka kwa uzito na kuchelewa kupanda, chomoa kibodi. Ile ya plagi ya duara ya zamani, yaani PS/2, izimie kompyuta kwanza, kwa kuwa haikuundwa kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Piga picha ya mpangilio wa vitufe, kisha ingiza ncha bapa ya bisibisi chini ya kitufe na ukiinue taratibu hadi kitoke. Maelezo haya hayahusu kompyuta mpakato, ambazo vishikio vyake vyembamba huvunjika upesi.

Kwenye kibodi nyingi za ofisini, kila kitufe kina shina linaloteleza ndani ya tundu, na chini ya tundu hilo kuna kijikombe cha mpira kinachokisukuma kirudi juu. Chai ya maziwa ikimwagika, maji hukauka na sukari hubaki kwenye kuta za tundu kama utando wa kahawia, na hapo ndipo shina linaponasa. Wengi hukimbilia spiriti, ambayo huondoa vizuri mafuta ya vidole lakini haiyeyushi sukari ipasavyo. Sukari huyeyushwa na maji: chovya kijiti cha pamba katika maji ya uvuguvugu, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, usugue kuta za tundu pamoja na shina, na ubadilishe kijiti kila kinapochafuka. Spiriti ifuate baadaye, kidogo tu, ili kuharakisha ukaukaji. Asetoni usiikaribie kabisa, maana huyeyusha plastiki, na mafuta ya kupikia yatakusanya vumbi upya.

Maji yasiachwe kutiririka ndani, kwa sababu yakipenya kati ya karatasi za plastiki zenye njia za umeme zilizo chini ya mpira, hukaa humo siku nyingi.

Vitufe vilivyong'olewa vioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, uvianike kivulini usiku kucha. Kitufe kirefu cha nafasi kirudishe mwisho, kwa kuwa mara nyingi kina waya wa chuma ambao lazima uingie kwenye vishikio vyake pande zote mbili kabla hujakigandamiza. Ukikibonyeza pembeni kikashuka upande mmoja tu, waya umechomoka. King'oe na uanze tena.