Namna ya kulishika neno "frolic" lisikuponyoke

Jioni nikitoka kazini hukaa barazani mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na vijana wanaojifunza kutembeza wageni, tukisoma Kiingereza. Juzi mmoja wao aliandika kwamba vijana wa mtaa wao hu-"frolic" mpira kila Alhamisi. Kamusi yake ndogo ilimwambia "cheza", naye akaiamini. Neno hili nalipenda sana, basi nikamwambia aifunge ile kamusi kwanza.

Anza kwa macho. Teremka bandarini maji yakijaa. Utamkuta punda jike amesimama na shogi la mizigo mgongoni limejaa mchanga, hana haraka. Mwanawe, miguu mirefu kuliko mwili, anarusha mateke hewani, anatimka hadi ukutani, anageuka ghafla, anamrudia mamake, kisha anaanza upya. Hakuna anayemfukuza. Hiyo ndiyo "frolic". Geukia gatini: watoto wanajirusha majini, wanapanda ngazi wakichuruzika maji, wanajirusha tena, na hakuna anayehesabu mabao. Mpira una kanuni na una kushindwa, kwa hiyo si mahali pake. Hata kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, si mahali pake, maana wazee wale na bakora zao wanafuata ngoma na zumari kwa adabu; ukiwaandikia "frolic" umewavunjia heshima. Neno hili waachie watoto, wanyama wadogo, na mtu mzima aliyejisahau ufukweni Shela.

Ukishaliona, tafuta lilikotoka. Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika karne ya 16. Kwa Kiholanzi ni "vrolijk", na ile v yao hukaribia f. Maana yake ni changamfu, enye furaha. Hata leo Mholanzi akikutakia Krismasi njema husema "Vrolijk Kerstfeest". Wajerumani nao wana ndugu yake, "fröhlich". Kwa Kiingereza lilianza kama kivumishi, na Shakespeare alilitumia hivyo, kitenzi kikafuata. Ndiyo maana furaha imo ndani ya mzizi wenyewe. Aliyekanyaga kaa la moto naye huruka, lakini hilo si "frolic".

Kwa Kiswahili mimi huliita kuranda, kwa ile maana ya kurukaruka kwa furaha, si ya kuzurura. Ukihofia msomaji atachanganya, rudufisha kitenzi: kuchezacheza, kurukaruka. Huko kurudia kunabeba ule ukosefu wa shabaha ambao "cheza" peke yake haiwezi kuubeba.

Limebaki la tahajia. Ukiongeza "-ed" au "-ing", tia k kwanza: "frolicked", "frolicking". Bila k, ile c mbele ya e au i ingesomeka s. "Picnic" nayo hufanya vivyo hivyo.

Jana kijana wangu alileta sentensi mpya: "The foal frolicked near its mother." K ameikoleza wino mara mbili.