Somo: Kufanya kazi na mhandisi kwenye timu ya roboti ya shule, Malindi

Wahandisi na mafundi tunao huku kwetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini hapo Ngomeni, Desemba 12, 1970. Mashine za chumvi Gongoni zina mafundi wake, hoteli nazo zina wa majenereta.

Hatua ya 1. Ombeni kitu mahususi. "Tusaidieni" haitoshi. Andikeni: saa mbili kila Jumamosi, muhula mmoja, mwalimu akiwepo muda wote. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya 2. Bisibisi ishikwe na mwanafunzi. Kwangu sharti hili halina mjadala.

Hatua ya 3. Mhandisi aulize kabla ya kujibu. Tuseme roboti ikianza kwenda tu, kibao cha Arduino (kompyuta ndogo inayoiongoza roboti) kinazima kisha kinawaka upya. Watoto watalaumu programu. Mhandisi ameshajua: mota zinapoanza huvuta mkondo mkubwa, volti za betri zinashuka, kibao kinakosa umeme. Asiseme! Awape mita ya kupimia volti, aulize: "Betri ina volti ngapi roboti ikiwa imetulia? Na mota zikianza?" Wakiiona namba ikiporomoka, wenyewe watapendekeza mota zipewe betri yake. Hapo ndipo awakumbushe kuunganisha pamoja nyaya za hasi za betri zote mbili, maana hilo ni gumu kulibuni.

Hatua ya 4. Kila kipimo kiandikwe daftarini, na tarehe.

MASWALI

Mwalimu, Marafa: Mhandisi hatuna. Fundi wa sola anafaa?
Jibu: Anafaa sana, mwalimu. Betri, waya na fyuzi ndiyo kazi yake ya kila siku. Programu mtafuteni mwingine.

Mwanafunzi, Gongoni: Tumeunganisha mota kwenye pini ya Arduino Uno, haizunguki. Kwa nini?
Jibu: Ichomoeni sasa hivi, mwanangu, mtaunguza kibao. Pini moja haistahimili zaidi ya miliampea 40, na hata mota ndogo hutaka zaidi ya hapo. Wekeni kiendesha mota katikati, kama L298N: hicho huipa mota umeme wa betri kwa amri ya Arduino.

Mzazi, Watamu: Mashindano yamekaribia. Mhandisi asimalizie tu?
Jibu: Hapana, mzazi mwenzangu. Kwenye mashindano ya roboti ya watoto ya FIRST LEGO League, kwa mfano, waamuzi huwahoji watoto wenyewe jinsi walivyoiunda roboti, na fundi haruhusiwi kuwajibia.