Namna ya Kufuatilia Maisha ya Mbunge wa Enzi ya Malkia Victoria

Anayetaka kuandika habari za mbunge wa Uingereza wa enzi hiyo, ambaye alianzia siasa za mtaani kwake, asikimbilie Bunge kwanza. Aanze na baraza la mji, maana huko ndiko mtu huyo alikojifunza kazi. Mfano mzuri ni Joseph Chamberlain, mwenye kiwanda cha skrubu huko Birmingham, aliyekuwa diwani mwaka 1869, meya mwaka 1873 na mbunge mwaka 1876.

Pitia mihtasari ya vikao vya baraza mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa meya alichaguliwa na madiwani wenyewe kila Novemba. Angalia alikalia kamati zipi, na hasa fedha zilikwenda wapi. Katika umeya wa Chamberlain, mji ulinunua kampuni mbili za gesi, ukachukua huduma ya maji, kisha ukaanza kubomoa makazi duni ya katikati ya mji, mahali ilipopita baadaye barabara ya Corporation Street. Ukiyasoma hayo kwa makini, utaelewa kwa nini watu wa Birmingham walimpeleka Bungeni bila mpinzani, ilhali Sheffield walikuwa wamemkataa mwaka 1874.

Ndipo uingie kwenye Hansard, yaani kumbukumbu zilizochapishwa za mijadala ya Bunge, lakini kwa tahadhari. Kabla ya mwaka 1909 haikuwa kumbukumbu ya neno kwa neno, na hotuba nyingi zilikusanywa kutoka magazetini. Kwa hiyo linganisha kila hotuba muhimu na gazeti la siku iliyofuata. Ukikuta uchaguzi mdogo, usidhani moja kwa moja kwamba alijiuzulu kwa kashfa, kwani sheria ya wakati huo kwa kawaida ilimtaka mbunge aliyepewa uwaziri arudi kuomba kura upya. Mipaka ya majimbo nayo ilibadilika mwaka 1885: Birmingham, iliyokuwa jimbo moja lenye wabunge 3, iligawanywa kuwa majimbo 7.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, fuatilia pia uwaziri wa Makoloni wa Chamberlain, kuanzia mwaka 1895 hadi 1903. Mwishoni mwa mwaka 1902 alifika Mombasa na kupanda reli kwenda bara, na mwaka uliofuata akaunga mkono pendekezo la kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu. Hapo usitosheke na majalada ya wizara yake, kwa sababu hadi mwaka 1905 Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza (Kenya ya leo) ilisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje.