Namna ya kusoma picha ya kifua kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na mikobakteria mapafuni

Mikobakteria ni jamii ya bakteria ambayo ndani yake yumo kimelea cha kifua kikuu. Tabibu wa Moshi au Arusha anapopokea picha ya kifua ya eksirei ya mgonjwa aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, kazi yake ya kwanza ni kuihakiki picha yenyewe: jina, tarehe, alama ya upande, mitulinga iliyo sawa pande zote mbili za uti wa mgongo, na angalau mbavu tano au sita za mbele zinazoonekana juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Picha iliyopigwa kabla mgonjwa hajavuta pumzi ya kutosha huonyesha weupe chini ya mapafu, na wengi huudhania nimonia.

Kisha anzia juu. Kifua kikuu cha mtu mzima hukaa zaidi sehemu za juu na za nyuma za mapafu. Kwa hiyo linganisha kilele cha kulia na cha kushoto, ukichungulia nyuma ya mtulinga na ubavu wa kwanza, ambako doa dogo hujificha. Tafuta weupe wa mabaka, matundu, na maji kwenye utando wa pafu. Vidoa vya milimita 1 hadi 3 vilivyotapakaa kote kama punje za ulezi huashiria vimelea vilivyosambaa kwa njia ya damu, na mgonjwa huyo hapaswi kurudishwa nyumbani kusubiri.

Kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga katika damu, zimeshuka chini ya 200, mpangilio huo huvurugika: matundu huwa machache, tezi za katikati ya kifua huvimba, weupe huweza kuwa chini, na wakati mwingine picha huwa safi kabisa ilhali ugonjwa upo.

Muulize pia kazi yake. Vumbi la mawe, ambalo wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani hulivuta, huacha vinundu sehemu zilezile za juu na pia huongeza hatari ya kifua kikuu, hivyo hali zote mbili zaweza kukaa katika pafu moja. Hapa picha ya zamani ina thamani kuliko darubini yoyote: kovu lisilobadilika kwa miaka huenda ni la ugonjwa uliokwisha kutibiwa, bali tundu jipya kando yake linadai makohozi yapimwe upya.

CT skani, picha ya kina inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, si ya kila mtu, kwani mionzi yake ni makumi ya mara ya ile ya picha ya kawaida. Iombe pale unaposhuku mikobakteria nyingine, zile za udongoni na majini, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hupanua mirija ya hewa na kuacha vinundu katika sehemu ya kati ya pafu la kulia na sehemu inayolingana nayo kushoto. Kwa wengine, hasa wavutaji sigara wa muda mrefu, hutoboa matundu juu, na kwa macho matupu huwezi kuyatofautisha na ya kifua kikuu.

Ndiyo maana picha hailitaji jina la kimelea. Darubini ikionyesha vimelea na GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu, isione kifua kikuu, omba makohozi yaoteshwe na aina itambuliwe, ukipeleka sampuli mbili au zaidi za nyakati tofauti, kwa kuwa sampuli moja ya makohozi yenye mikobakteria hizo haitoshi kuthibitisha ugonjwa.