Pikapu inakata pumzi mlimani ukivuta tela? Anza hapa

Wakuu, kama pikapu yako ya dizeli ikiwa tupu inakimbia freshi ila ukiitoa Kigoma kupandisha Manyovu na tela la mawese inaishiwa nguvu, usikimbilie kushusha injini. Angalia moshi kwanza. Ukiwa mweusi mara nyingi hewa haitoshi, fungua filta ya hewa maana vumbi la kiangazi linaiziba chap, halafu kagua hosi za turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini), palipopasuka huwa pamelowa oili na ukikanyaga mafuta unasikia inapuliza. Moshi hamna na gari imelegea tu? Hapo shuku dizeli haifiki, badili filta yake na umwage maji yaliyotuama ndani yake, hasa wewe unayenunua mafuta ya madumu (acha hiyo tabia bana). RPM (mizunguko ya injini) inapanda ila gari haisogei, klachi inateleza, ni kubadili tu. Ukisimama sogeza kiganja karibu na rimu za tela, usishike, inayotoa joto kuliko wenzake breki yake imeng'ang'ania na inairudisha gari nyuma. Na gia shusha mapema, geji ya joto ikianza kupanda paki pembeni, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka ipoe kabisa.